Simu Mkononi, Kazi Mezani: Namna ya Kuficha Mitandao Yako Ofisini Arua na Koboko

Uwe benki, hospitali, ofisi ya wilaya au shirika lenye magari meupe, utafungua simu leo kabla ya chai ya saa nne. Hilo tumeshakubaliana. Dada yako yuko Kampala, mchumba yuko Gulu, kamati ya harusi ya binamu inakusanya michango, na kundi la mliosoma pamoja Mvara au Ombaci halilali. Mtu hawezi kusaini kitabu cha mahudhurio saa mbili asubuhi kisha akawa hana ndugu mpaka saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo sikufundishi kuacha. Nakufundisha kufanya kwa adabu, kazi isilale na siri yako isitembee. Shika kwanza jambo moja, maana hatua zote zinatoka humo: bosi hana haja ya kukuchunguza. Anayekuchoma ni wewe mwenyewe, kwa kutaka kuonekana. Arua ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, lakini habari zake bado zinakwenda kwa mwendo wa kijiji, na wewe ndiye unayezipeleka.

Hatua ya 1: Nunua data yako mwenyewe

Waifai ya ofisi ni tamu kwa sababu ni ya bure. Mazoea ya kuitumia yana historia. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, serikali ya Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyeingia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao ya aina hiyo. Wengi wakakimbilia VPN, wengine wakahamia waifai ya kazini. Julai 2021 kodi ile ikaondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Data haikuwa rahisi, na watu hawakushuka kwenye waifai ya ofisi.

Wewe shuka. Meseji za WhatsApp zimefungwa kwa siri kutoka simu hadi simu tangu 2016, kwa hiyo fundi wa kompyuta hawezi kusoma ulichoandika. Anachoweza kuona ni kwamba simu yako imeingia saa ngapi, imeongea na mtandao gani, na imekula MB ngapi. Hayo yanamtosha mtu anayeandika ripoti. Bando dogo la siku, la hela yako, halina msimamizi.

Ukilazimika kutumia ya ofisi, badilisha kwanza jina la simu. Simu hujitambulisha kwenye mtambo wa waifai kwa jina uliloipa. Kama uliiita "Handsome wa Ediofe", ndivyo inavyosomeka kwenye orodha ya fundi, na juu ya Handsome kuna saa aliyoingia na saa aliyotoka. Nenda kwenye mipangilio, ipe jina la kampuni iliyoitengeneza na namba. Simu za namna hiyo ziko kumi pale ofisini, na hakuna anayehangaika kutafuta mwenye mojawapo.

Hatua ya 2: Zima vinavyokusemea

WhatsApp ina tabia ya kukutolea taarifa bila kuulizwa. Ingia sehemu ya faragha, fanya mambo matatu. Ficha muda wa mwisho kuonekana. Ficha kwamba uko hewani. Tangu 2022 hilo linawezekana. Zima tiki za buluu.

Ukishazima tiki za buluu, na wewe huzioni za wengine, wala huoni nani kaangalia stetasi yako. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu anavumilia njaa, anavumilia mshahara kuchelewa, lakini kukosa kujua kama yule wa zamani ameangalia picha yake, hapana. Vumilia. Zizime asubuhi ukifika kazini na uziwashe jioni ukishapanda boda. Faragha ya saa za kazi inatosha.

Sasa mitego miwili. Kwanza, tiki za buluu hazizimiki kwenye makundi. Aliyetuma meseji kwenye kundi la ofisi anaweza kuibonyeza, akafungua taarifa zake, akaona majina ya waliosoma na saa waliyosoma. Pili, ujumbe wa sauti ukiusikiliza, aliyeutuma ataona umeusikiliza hata kama tiki umezima. Kwa hiyo meseji ya kundi isome kwenye taarifa inayoshuka juu ya skrini, bila kuifungua, mpaka uwe tayari kujibu. Na ujumbe wa sauti wa bosi usiuguse kama huna nia ya kuinuka kitini.

Hatua ya 3: Chagua watazamaji, usiwachague kwa macho ya upendo

Kila unapoweka stetasi, WhatsApp inakuruhusu kuchagua nani aione. Tumia ile ya "isipokuwa", kisha orodhesha kwa makini. Watu humtoa bosi, wakajisifu wameshamaliza. Bosi ni wa mwisho kwenye orodha. Mtoe dereva wake, wanakaa pamoja saa nzima mpaka Koboko na hawana cha kuzungumza. Mtoe katibu muhtasi. Mtoe mke wa bosi, hasa kama mnasali kanisa moja. Mtoe mama anayeleta chapati saa nne, kwa sababu anazipeleka mlango kwa mlango na maneno anayapeleka hivyohivyo. Mtoe rafiki yako wa meza ya pili. Huyo mtoe kabla ya wote. Skrinishoti nyingi hupigwa na mtu anayekupenda na anayetaka wengine wacheke pamoja naye.

Ukiona orodha imekuwa ndefu, chukua laini ya pili. Laini moja iwe ya kazi: picha yako umevaa shati lenye kola, stetasi hakuna. Ya pili iwe yako na watu wako. Lakini usishushe zile WhatsApp za kuchonga zinazoahidi mambo makubwa. Haziko chini ya kampuni yenyewe, akaunti hufungiwa kwa kuzitumia, na hujui meseji zako zinalala kwa nani. Aliyetafuta siri akaishia kumkabidhi mgeni mlango mzima amepoteza vyote.

Hatua ya 4: Facebook, fahamu nani ana macho

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti kadhaa ilizosema zinahusiana na serikali. Serikali nayo ikafunga mitandao ya kijamii, na tarehe 13 intaneti yote ikakatwa kwa siku kadhaa. Mitandao mingine ilirudi. Facebook ikabaki imefungwa miaka iliyofuata, na Waganda wakaendelea kuingia kwa VPN kama kawaida.

Hapa pana faraja kubwa kwako. Nukta ya kijani ya Facebook inayosema uko hewani saa tano asubuhi, nani ataiona? Ni yule aliyewasha VPN yake saa tano asubuhi. Ukisikia mtu ofisini anasema, "Jana nilikuona Facebook," tabasamu na umuulize alikuonaje. Mazungumzo yataishia hapo na urafiki utabaki.

Hata hivyo zima nukta. Na ukimaliza, zima VPN pia. Alama ndogo ya ufunguo inakaa juu ya skrini, na mkuu wa idara akikuomba simu apige mara moja kwa kuwa yake imekwisha chaji, ataikuta. VPN za bure zichague kwa uangalifu, maana baadhi zinakusanya habari za mtumiaji. Ukitumia ile isiyojulikana ilikotoka, usiingie nayo kwenye akaunti ya benki.

Hatua ya 5: Kompyuta ya ofisi si yako

Hili lishike bila kulijadili. Kompyuta ya ofisi ichukulie kwamba inasomwa. Usihifadhi humo nywila yako, usiache picha zako, usiunganishe WhatsApp yako kwa kuwa tu herufi ni kubwa.

Ukiwa tayari umeshaiunganisha, fungua simu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, ondoa vyote usivyovikumbuka. Utashangaa kukuta kompyuta ya ofisi uliyoiacha mwaka jana bado inapokea meseji za mama yako.

Kisha kuna projekta. Mkutano wa robo mwaka, wageni wametoka Kampala, kompyuta yako imeunganishwa ukutani, unaeleza idadi ya visima. Kwenye kona ya chini inachomoza meseji: "Umekula? Nakumiss." Hakuna aliyesikiliza habari za visima baada ya hapo. Kabla ya kuunganisha waya wowote, ondoka WhatsApp, funga kivinjari chote, zima taarifa zinazochomoza. Fanya hivyo hata kama mkutano ni wa dakika kumi. Upendo hauangalii ratiba.

Hatua ya 6: Rekebisha uso na mkao

Simu chini ya meza inamulika kidevu. Mtu mwenye kidevu chenye mwanga anajulikana kutoka mlangoni. Iweke juu ya meza, wazi, kando ya daftari, skrini ikiwa na mwanga hafifu. Kinachowekwa wazi hakishtui.

Usicheke peke yako. Hakuna jedwali la bajeti linalochekesha. Ukihisi kicheko kinakuja, kohoa, inuka, nenda kachote maji. Video usiifungue kabisa, kwa maana hata ukizima sauti, siku moja utasahau, na TikTok haianzi kwa sauti ya chini.

Choo ni mahali pa wanaoanza. Ukienda mara nyingi, watakuhurumia kwanza, kisha watakutuma hospitali. Badala yake tumia kundi la ofisi. Shughuli za ofisi nyingi za Arua zinaendeshwa WhatsApp: ratiba ya magari, orodha ya mafuta, taarifa za msiba. Libandike kundi hilo juu kabisa na uwe wa kwanza kujibu. Bosi aliyejibiwa ndani ya dakika mbili anaamini umeshika simu kwa ajili yake. Na kwa kweli umeishika kwa ajili yake, dakika mbili.

Meseji zingine zote zihifadhi kwa saa saba mchana. Hiyo ni saa yako. Kula enyasa yako, fungua kila kitu, wajibu wote, weka moyo kwenye picha za watoto wa shangazi. Aliyeshiba habari saa saba hahangaiki saa tisa.

Hatua ya 7: Chelewesha sifa

Nakujua. Umevaa fulana ya shirika, kitambulisho kinaning'inia shingoni, nyuma yako kuna Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu, na jua la Rhino Camp limekukalia vizuri usoni. Piga picha. Piga hata ishirini. Lakini usiiweke leo.

Picha inayowekwa papo hapo inasema mambo matatu: uko wapi, saa ngapi, na hukuwa unafanya nini. Picha hiyohiyo ikiwekwa Jumamosi jioni inasema jambo moja tu, kwamba umependeza. Subiri. Watu watakusifu vilevile.

Kabla ya kuiweka, angalia nyuma. Kuna saa ya ukutani? Kuna ubao wenye tarehe ya leo? Kuna mwenzako amelala juu ya mafaili? Kata. Zima pia kipengele cha mahali kwenye kamera, kwa sababu picha nyingi za simu hubeba ndani yake mahali na saa zilipopigwa, na ukizituma kama faili vinakwenda nazo.

Kuhusu ruhusa ya ugonjwa: umeomba siku moja kwa sababu ya malaria, nawe umeipata. Basi ugua. Siku hiyo usiweke chochote, usibonyeze moyo popote, usipongeze mtu siku ya kuzaliwa. Na muonye mwenye nyama choma asikutaje kwenye picha zake. Wengi hawakuchomwa na simu zao. Walichomwa na rafiki aliyeandika, "Niko na mtu wangu hapa Koboko, maisha ni haya," akawataja kwa jina kamili.

Hatua ya 8: Ukiwa Koboko, iangalie saa

Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi mpaka wa Oraba ina kilomita 92, na imefanya safari ya fildi kuwa nyepesi. Unatoka Arua asubuhi, unakunywa chai Koboko. Lakini Koboko ina mtego ambao Kampala hawaujui.

Wilaya hii inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Kongo ya mashariki iko saa moja nyuma ya Uganda, na Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Ukikaribia mpaka, simu inaweza kudaka mtandao wa upande wa pili, na kama saa yake inajipanga yenyewe, inarudi nyuma bila kukuaga. Wewe unaona saa saba kamili, unafungua Facebook kwa amani, unasema hii ni saa yangu ya chakula. Arua ni saa nane, na wenzako wako kwenye mkutano wanakusubiri.

Usidhani saa ya simu yako itakutetea. Meseji ikifika, WhatsApp humwonyesha msomaji saa ya simu yake yeye. Bosi wa Arua ataona saa ya Arua.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kuvuka Koboko mjini kwenda Oraba au upande wa Salia Musala, pale nchi tatu zinapokutana, ingia kwenye mipangilio, zima saa ya kujipanga, chagua mwenyewe saa za Uganda. Chagua pia mtandao wako kwa mkono. Utaokoa muda na salio, kwa sababu data ya ugenini hula hela upesi. Na picha ya Salia Musala, mguu mmoja huku, mwingine kule, najua utaipiga. Rudi kwenye hatua ya saba.

Hatua ya 9: Ukikamatwa, anguka vizuri

Siku itafika. Bosi atasimama nyuma yako nawe unaandika, "Nimechoka na hawa watu." Usigeuze simu kwa kishindo. Usiseme ni mtoto alikuwa akiichezea, mtoto yuko shule. Usijifanye unatafuta kamusi.

Sema: "Samahani, mzee, naiweka chini." Iweke kwenye droo, ufunge droo, umpe kazi aliyoifuata. Ukiwa na kazi iliyokamilika ya kumkabidhi papo hapo, jambo limekwisha. Kwa hiyo kila asubuhi maliza kitu kimoja mapema na ukiweke tayari. Hii ndiyo bima bora kuliko nywila yoyote: mfanyakazi ambaye kazi yake inafika hachunguzwi.

Lakini jua pia mpaka wako. Ofisi ina haki ya kukukataza simu saa za kazi na kukuandikia onyo. Kukupokonya simu yako na kusoma meseji zako ni jambo jingine. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha ya mtu, pamoja na mawasiliano yake, na tangu 2019 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Huko Romania, mhandisi wa mauzo aitwaye Bogdan Bărbulescu alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kukusanya mazungumzo yake na mchumba wake na kaka yake, yakajaza kurasa 45. Mengi alikuwa ameyafanya kwenye akaunti ya Yahoo Messenger iliyofunguliwa kwa ajili ya wateja. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi, kwa kura 11 dhidi ya 6. Ilieleza kwamba maisha binafsi ya mtu hayafutwi akivuka mlango wa ofisi, na anayetaka kufuatilia mawasiliano ya wafanyakazi hana budi kuwaonya kwanza. Mahakama ile haiamui kesi za Arua, ila hoja yake inaeleweka hata hapa. Ushindi wake ulikuja miaka kumi baadaye, kwa hiyo bado ni nafuu kutumia simu yako na data yako.

Hatua ya 10: Pasipoguswa

Mambo yote niliyokufundisha ni ya kuficha yako. Ya wengine hayamo. Ukifanya kazi hospitali ya rufaa, hospitali ya Kuluva, au kwenye makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Bidibidi au Lobule, mbele yako wapo watu ambao siri ndiyo mali pekee waliyobaki nayo. Mama aliyekimbia na watoto hakuja foleni ili awe stetasi yako. Mgonjwa hakukupa ruhusa ya kupiga picha kadi yake. Huenda aliyemkimbia ana simu pia, na ana rafiki kwenye kundi ulilomo. Picha yako ya sekunde moja inaweza kumwonyesha mahali alipo.

Hapo hakuna njia ya mkato na sitakupa. Usipige, usitume, usihifadhi, hata kwa "isipokuwa", hata kwa kundi la marafiki watatu. Sheria ya 2019 inataka ridhaa ya mwenye habari, na kama huijali sheria, mjali mtu.

Wewe unayejua uchungu wa kusomwa meseji zako ndiye unayefaa kulinda za mwingine. Chukua dakika zako tano, wajibu watu wako, uzime tiki zako. Kisha funga droo, inua uso, uite anayefuata kwenye foleni.